Kuwinda Nguruwe Mwitu kwa Usalama: Mwongozo Kamili, Kuanzia Unyayo Hadi Kupima Nyama

Nguruwe mwitu aliyepigwa sawasawa kwa kawaida huanguka ndani ya mita mia moja. Aliyepigwa vibaya anaweza kwenda kilomita kadhaa na maumivu yake, akaingia kwenye kichaka kinene, akageuka kuielekea njia aliyojia na kutulia. Ukimfuata humo, yeye anakusikia na kukunusa muda mrefu kabla wewe hujamwona. Karibu yote ninayoeleza hapa yanalenga kumpata huyo wa kwanza na kutomtengeneza huyo wa pili. Utaona nimekaa zaidi kwenye mambo ya kabla ya risasi kuliko kwenye bunduki yenyewe, kwa sababu mawindo mengi yanayoharibika huwa yameharibika kabla kidole hakijagusa kifyatulio.

Ninayemzungumzia ni Sus scrofa, babu wa nguruwe wa kufugwa. Asili yake ni Ulaya, Asia na Afrika Kaskazini, na watu walimpeleka Amerika na Australia. Ngiri na nguruwe wa misituni wa kusini mwa Sahara ni jamaa zake wa mbali. Mengi ya usalama yaliyomo humu yanawahusu nao, ila tabia zao na sheria zinazowalinda ni tofauti, kwa hiyo usichukue kila neno kama lilivyo ukaenda nalo kwao.

Anza na karatasi

Pata kibali cha kuwinda, leseni ya silaha na ruhusa ya mwenye ardhi. Uliza mambo manne mahususi: msimu unaanza na kuisha lini, je, kuwinda usiku kunaruhusiwa, je, kutumia taa au darubini ya joto (inayomwonyesha mnyama gizani kwa joto la mwili wake) kunaruhusiwa, na je, unaweza kumwaga chambo. Sheria za haya manne hutofautiana sana kutoka nchi hadi nchi, na hata ndani ya nchi moja. Usikubali jibu la "hapa kila mtu hufanya hivyo."

Mjue unayemfuata

Macho yake ni dhaifu. Ukisimama kimya bila kusogea, anaweza kukupita karibu sana asikutambue. Masikio yake ni makali, na pua yake ndiyo mlinzi wake mkuu. Hufukua kwa pua hiyo mizizi, minyoo na mbegu zilizo chini ya udongo. Harufu ya binadamu ikimfikia ataondoka bila kelele, nawe utakaa usiku kucha ukidhani hakuja.

Majike na watoto wao hutembea kwa kundi linaloongozwa na jike mzee. Madume wakubwa huishi peke yao na kujiunga na kundi wakati wa kupandana, ambao kwa Ulaya huangukia zaidi kati ya Novemba na Januari. Mimba huchukua takriban siku 115, na kwa kawaida watoto huwa wanne hadi sita. Huzaliwa na michirizi ya rangi ya hudhurungi na manjano, ambayo hufifia wakifikisha miezi minne hadi sita. Dume wa kawaida ana kilo 60 hadi 100, na katika Ulaya ya Mashariki wapo wanaopita 200.

Dume huwa na machonge marefu yaliyopinda kwenda juu. Ya chini hunolewa na ya juu kila anapofunga mdomo, na ndiyo yanayochana nyama kama wembe. Jike hana machonge ya namna hiyo, lakini huuma, na kuumwa naye si jambo dogo.

Silaha na risasi

Ujerumani huweka kiwango cha chini kwa wanyama wa ukubwa huu: risasi ya kipenyo cha milimita 6.5 au zaidi, yenye nguvu isiyopungua jouli 2,000 ikifika mita 100. Hata kama sheria ya kwako haisemi hivyo, hicho ni kipimo kizuri cha kushika. Raifali za .308 Winchester, .30-06, 8x57 IS na 9.3x62 zote zinafaa. Hiyo ya mwisho ilibuniwa mwaka 1905 na fundi wa bunduki wa Berlin, Otto Bock, kwa ajili ya wawindaji wa Afrika, na mpaka leo inapendwa sana kwenye misako ya nguruwe kwa sababu risasi yake nzito hupenya vizuri.

Aina ya risasi ni muhimu kuliko jina la kipenyo. Dume aliyekomaa ana ngao ya gegedu ngumu juu ya mabega na mbavu, inayozidi kuwa nene kadiri anavyozeeka. Risasi laini inayosambaratika mapema huishia kwenye ngao hiyo na kuacha kidonda cha juujuu. Chagua inayotanuka bila kuvunjika. Shotigani ya geji 12 yenye risasi moja nzito ni nzuri ndani ya mita 50 hivi. Usitumie marisau madogo kwa nguruwe kwa hali yoyote.

Kisha nenda kwenye uwanja wa shabaha. Piga ukiwa umeketi, umesimama, umeegemea fimbo, kwa kuwa porini hakuna meza. Umbali ambao risasi zako zote zinaingia kwenye duara la ukubwa wa sahani ndogo ndio mpaka wako. Kama ni mita 70, basi ni 70, hata mwenzako akijisifu kwa 200.

Vingine vya kubeba: darubini ya kutazamia, isiyo ya kwenye bunduki. Kumtafuta mnyama kwa darubini ya bunduki ni kuelekeza mtutu kwa kitu usichokijua, na siku moja kitu hicho kitakuwa mtu. Beba pia kisu, glavu, kamba, utepe wa rangi kali wa kuwekea alama, taa mbili, simu yenye chaji, na mfuko wa huduma ya kwanza wenye mkanda wa kukaza wa kuzuia damu. Vaa fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa. Nguruwe haioni rangi hiyo kama sisi tunavyoiona, bali wenzako wanaiona kutoka mbali.

Soma ardhi kabla ya siku ya kuwinda

Alama ya kwanza ni ardhi iliyofukuliwa, utadhani limepita jembe la mlevi. Udongo ukiwa bado na unyevu na majani yaliyopinduliwa hayajanyauka, walikuwepo usiku uliopita. Alama ya pili ni matope ya kugaagaa, na karibu yake miti iliyosuguliwa mpaka gome likalainika. Pima urefu wa tope lililoganda kwenye mti, nawe utajua kimo cha aliyejisugua.

Nyayo huwachanganya wengi na za swala au kulungu. Tazama nyuma ya kwato kuu mbili: nguruwe huacha karibu kila mara alama za kwato ndogo za nyuma, tena zimekaa kwa nje, pana kuliko kwato kuu. Kulungu huziacha kwenye tope laini au akikimbia tu.

Fuata njia zao hadi uone wanapolala mchana, wanapokula na wanapokunywa. Mahali pa kulala usipaguse. Ukiwavuruga kitandani watahama bonde zima. Wavizie katikati, kati ya kitanda na chakula.

Upepo

Jambo hili ndilo linaloamua. Beba kichupa cha unga mwepesi au majivu, puliza kidogo kila baada ya dakika chache, utazame unaelekea wapi. Usitegemee utabiri wa asubuhi. Kwenye miinuko, hewa hupanda jua linapopasha ardhi, na hushuka bondeni jioni inapopoa. Mtu anayekaa juu ya mteremko saa kumi jioni akiwa na upepo mzuri anaweza kujikuta saa moja usiku harufu yake yote inamiminika chini, kule anakowasubiri. Chagua mahali kwa kufikiria upepo wa saa watakayotoka. Na ukigeuka ukawa mbaya, shuka, uende nyumbani kwa njia isiyopita kwao. Inauma, najua, lakini kundi lililokunusa pale mara moja halitapaamini tena kwa muda mrefu.

Namna tatu za kuwinda

*Kuvizia kwenye dungu.* Kwa anayeanza, hii ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Ukiwa juu, harufu yako hupita juu zaidi, unaona vizuri, na lililo kubwa kuliko yote, unapiga kuelekea chini, hivyo risasi ikishapita kwenye mnyama inaingia ardhini. Kagua ngazi na mbao mchana kabla ya kupanda, kwa kuwa watu wengi huumizwa na dungu bovu. Panda na kushuka bunduki ikiwa tupu kabisa, uifunge kwa kamba na kuivuta ukishakaa. Fika saa moja au zaidi kabla ya jua kuzama. Wanapotoka, wa kwanza mara nyingi husimama pembeni na kusikiliza. Usiguse kitu. Subiri waanze kula.

*Kunyemelea.* Tembea dhidi ya upepo, hatua chache kisha simama muda mrefu kuliko uliotembea. Nguruwe wakila hufanya kelele, hutafuna na kugombana, na kelele hizo ndizo pazia lako. Wakinyamaza ghafla, nawe ganda hapo hapo. Tatizo la kunyemelea ni kwamba uko chini, kimo kimoja na mnyama, na risasi yako inasafiri sambamba na ardhi. Mara nyingi utamfikia vizuri kabisa halafu usiwe na nafasi salama ya kupiga.

*Msako wa kufukuza.* Wafukuzaji na mbwa huingia kichakani, wapigaji wakiwa wamepangwa kuzunguka. Unahitaji kiongozi mmoja ambaye neno lake halipingwi, na mkutano kabla ya kuanza: nani yuko wapi, ishara gani ya kuanza na ya kumaliza, wanyama gani wanaruhusiwa. Ukishawekwa mahali pako hutoki mpaka ishara ya mwisho isikike, hata kama nguruwe wako ameanguka mita ishirini mbele. Waonyeshe jirani zako wa kulia na kushoto ulipo, nao wakuonyeshe walipo.

Kisha pima pembe ya usalama ya nyuzi 30, ambayo wawindaji wa Ufaransa hufundishwa tangu mwanzo. Kutoka uliposimama tembea hatua tano moja kwa moja kumwelekea jirani, kisha geuka kwa pembe mraba na utembee hatua tatu kuelekea upande wa kupigia. Weka kijiti hapo. Mstari kutoka mahali pako kupitia kijiti hicho ndio mpaka, na ndani yake, upande wa jirani, hupigi. Fanya hivyo hivyo upande wa pili. Usifuatishe mnyama kwa mtutu ukapita usawa wa watu: inua bunduki juu, mwache apite mstari, ndipo ushushe. Hatua hizo nane huchukua dakika moja, na sioni sababu ya mtu yeyote kuziruka.

Kabla ya kufyatua

Jiulize maswali haya kwa mpangilio, na jibu la "sina hakika" ulihesabu kuwa ni hapana.

Ni nini hasa kile? Kivuli cheusi kinachotikisa majani si jibu. Uone mwili mzima.

Nyuma yake kuna nini? Risasi ya raifali inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Kinachoizuia ni udongo. Kichaka, mahindi marefu na giza havizuii chochote. Mawe, ardhi iliyoganda kwa baridi na maji huirudisha au kuipindisha. Mnyama aliyesimama juu ya mgongo wa kilima, na anga nyuma yake, hapigwi.

Je, yuko peke yake kwenye mstari wa risasi? Risasi nzuri hupita na kutokea upande wa pili, na inaweza kujeruhi mwingine aliyesimama nyuma.

Ni nani katika kundi? Chagua mdogo. Yule mkubwa anayetangulia kwa kawaida ndiye jike kiongozi. Ukimuua, watoto wanaomtegemea hufa kwa njaa, na kundi lisilo na kiongozi hutawanyika ovyo. Jike anayeonekana peke yake msimu wa kuzaa anaweza kuwa ameacha watoto kwenye majani. Hapo mwache.

Mahali pa kupiga

Moyo wa nguruwe uko chini na mbele kuliko wengi wanavyodhani, karibu katikati ya miguu ya mbele, na mapafu yake hayaendi mbali nyuma. Akisimama ubavu, panda kwa macho kando ya ukingo wa nyuma wa mguu wa mbele, usimame theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini. Piga hapo. Akiwa amegeuka kidogo kukupa nyuma, lenga ili risasi itokee kwenye bega la upande wa pili.

Makosa mawili hurudiwa sana. La kwanza ni kupiga nyuma mno: risasi inaingia tumboni na mnyama anakufa polepole sana. La pili ni kupiga juu mno, kwa sababu manyoya marefu ya mgongoni humfanya aonekane mrefu kuliko alivyo. Risasi ikigonga ncha za mifupa iliyo juu ya uti wa mgongo, huanguka papo hapo kama gogo. Mwindaji anafurahi, anaweka bunduki chini, na nusu dakika baadaye nguruwe anainuka na kutoweka. Kwa hiyo aliyeanguka ghafla mno ndiye wa kuogopwa zaidi: pakia tena mara moja, endelea kumlenga, na akijaribu kuinua kichwa piga tena.

Usipige kichwa. Ubongo ni mdogo, kichwa hakitulii, na taya lililovunjika ni kifo cha siku nyingi cha njaa na kiu. Usipige anayekuja uso kwa uso wala anayekimbia akikupa mgongo.

Baada ya mlio

Kaa. Kumbuka alivyofanya risasi ilipomfikia, alikimbilia wapi, na saa ngapi. Subiri dakika 15 hadi 30 hata kama unasikia ametulia. Kisha nenda pale aliposimama, sio pale unapodhani ameangukia, na uweke utepe.

Damu nyekundu angavu na yenye povu ni ya mapafu, naye yuko karibu. Damu nyeusi nzito huenda ni ya ini. Majimaji ya kijani au mabaki ya chakula yenye harufu kali ni ya tumbo. Vipande vya mfupa huenda ni vya mguu. Manyoya marefu mengi yaliyokatwa na damu kidogo yanaashiria kwamba risasi ilipita juu mgongoni. Usikanyage alama hizi, kwani mbwa wa kufuatilia atazihitaji.

Ikiwa ni tumbo, rudi nyuma kimya na usubiri saa tatu au nne angalau. Ukimfukuza mapema atainuka na kwenda mbali zaidi, lakini ukimwacha atalala karibu na kuishiwa nguvu hapo. Halafu mfuate pamoja na mtu mwenye mbwa aliyefunzwa na kuvalishwa fulana ya kinga. Kumfuata majeruhi peke yako, usiku, kwenye kichaka ambacho huoni mita tano mbele, sikushauri hata kidogo. Mfuateni wachache, mmoja tu akiwa na ruhusa ya kupiga, na kila mtu ajue mwenzake alipo.

Akishambulia, huja moja kwa moja na kwa kasi, na machonge yake hufika usawa wa paja, ambako hupita mshipa mkubwa wa damu. Weka shina la mti kati yako na yeye au panda juu ya kitu. Ukianguka, jitahidi kuinuka. Mtu akichanwa paja na damu ikaruka, dakika chache ndizo alizo nazo: funga mkanda wa kukaza juu ya kidonda, kaza mpaka damu isimame, andika saa, usiulegeze, piga simu ya dharura. Kama huna mkanda, sukumia kitambaa safi ndani kabisa ya kidonda na uegemeze uzito wako wote juu yake.

Aliyelala chini mfikie kutoka nyuma, upande wa mgongo, bunduki tayari. Macho yaliyofumba na manyoya ya mgongo yaliyosimama ni dalili kwamba bado yu hai. Gusa jicho kwa fimbo ndefu. Likipepesa, rudi nyuma upige risasi ya kumaliza. Ukishathibitisha, toa risasi zote bundukini kabla ya kufanya jambo lingine.

Nyama na magonjwa

Vaa glavu kila mara, kwani bruselosi ya nguruwe, ugonjwa wa bakteria, humwingia mtu kupitia mkwaruzo mdogo tu. Toa matumbo mapema, ndani ya saa moja ikiwezekana, bila kutoboa utumbo wala kibofu. Tazama viungo ukivitoa: vinundu kwenye mapafu au ini, tezi zilizovimba, bandama kubwa nyeusi inayomeguka. Ukiona kitu kama hicho, simama na umwite daktari wa mifugo. Bandama ya namna hiyo ni mojawapo ya dalili za homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa usiowadhuru watu lakini unaoua nguruwe wa kufugwa zizi kwa zizi, na virusi vyake huishi muda mrefu kwenye damu na nyama. Ukikuta nguruwe mwitu amekufa mwenyewe, usimfungue, toa taarifa. Baada ya mawindo yoyote osha na kuua vijidudu kwenye viatu na visu, badilisha nguo, na usikaribie banda la nguruwe kwa siku kadhaa.

Poza mzoga haraka hadi nyuzi joto 7 au chini. Peleka kipande cha msuli wa kiwambo, ule unaotenganisha kifua na tumbo, pamoja na kipande cha mguu wa mbele, vikapimwe minyoo ya trikinela. Kugandisha, kutia chumvi na kufukiza moshi si kinga ya kutegemea, maana kuna aina za minyoo hiyo kwa wanyama wa mwituni zinazostahimili baridi. Nyama iive mpaka ndani ifike nyuzi 71. Mbwa wako usimpe nyama mbichi wala matumbo: virusi vya ugonjwa wa Aujeszky, ambavyo nguruwe hubeba bila kuonyesha lolote, humuua mbwa karibu kila mara.

Unapochuna, fuata njia ya risasi kwa kidole kutoka ilipoingia hadi ilipotokea, ukate na kutupa nyama yote yenye damu iliyovia pembeni yake, hasa kama risasi ilitengenezwa kwa madini ya risasi (ledi), kwa kuwa chembe zake husambaa mbali kuliko jicho linavyoona. Andika kwenye daftari: umbali, pembe aliyosimama, ulipolenga, ilipoingia kweli, na alikimbia mita ngapi. Nguruwe wachache tu wakishaingia kwenye daftari hilo, utaanza kuona kama mkono wako huvuta nyuma au hupanda juu, na utakuwa na kitu mahususi cha kwenda kurekebisha uwanjani kabla ya kupanda dungu tena.